Kilo Sitini na Moja na Nusu

Helve Kuusik alinijia na karatasi ya miraba,
theluji ya Tartu ikiyeyuka mabegani mwake,
akasema: Nitengenezee mtu asiyekuwepo.
Mwanamume. Miaka hamsini na minne.
Kilo sitini na moja na nusu.

Mimi ni fundi wa programu. Damu naijua kwa pua yangu tu,
utotoni, nilipoteleza kwenye barafu.
Moyo kwangu ulikuwa neno: watu hutiana moyo,
hupiga moyo konde, huvunjana moyo,
na sikuwahi kuuliza, ukisimamishwa makusudi
kwa dakika tisini, nani hushika zamu?

Pampu hushika zamu.
Pampu na mirija, hodhi la plastiki,
pafu la kutengenezwa, nyuzi zake nyembamba kuliko nywele,
na mtu mmoja kwenye kiti kisicho na mgongo
ambaye mgonjwa halijui jina lake kamwe.
Kiti hicho Helve alikikalia miaka ishirini na sita.

Nikaanza. Usiku naandika,
asubuhi anakuja na chupa yake ya kahawa, anakosoa.
Damu yako nyepesi mno, hii ni juisi.
Na hodhi halishuki hivyo. Halishuki kwa adabu.
Linakaa, linakaa, kisha limekwisha.
Nikarekebisha.
Kengele nayo inawahi mno, akasema.
Icheleweshe sekunde nne.
Nikamwambia kengele za kweli hazichelewi.
Akatazama dirishani, kule mto Emajõgi ulikoganda,
akasema: Icheleweshe.

Machi wakaja wanafunzi.
Tarvo, mikono mikubwa ya mpiga makasia,
alikaa mbele ya vioo vitatu, akasugua viganja.
Hodhi likakaa, likakaa.
Kiputo kikaingia mrijani, kidogo kama punje ya shayiri,
kikapanda kuelekea ubongo usiokuwepo.
Tarvo alikiona pale kengele ilipolia.
Yaani hakukiona.

Mara ya kwanza alimuua kwa sekunde kumi na moja.
Mara ya pili alibana mrija usiohusika.
Ya tatu alisahau kusimamisha pampu,
ya nne alisimamisha akasahau kupaza sauti,
na daktari mpasuaji, ambaye ni sauti yangu niliyoirekodi jikoni,
akaendelea kushona kwa amani.
Ajali haina kinga, Tarvo akanong'ona,
na Helve, nyuma yake: Haina. Ina zamu nyingine. Anza.

Hapo ndipo nilipoifunua tena ile karatasi ya miraba.
Mtu wa kubuni hupewa kilo sabini. Hupewa themanini.
Nani hubuni nusu?

Sikuuliza.
Niliinama chini ya meza nikajifanya nafunga waya.

Mara ya saba Tarvo hakuingoja kengele.
Macho kwenye hodhi, mkono ukaitangulia akili:
akasimamisha, akabana, akaita
mpaka mfanya usafi akachungulia kutoka koridoni.
Kiputo kikarudishwa kilikotoka.
Moyo ukashtuka, ukasita,
ukashtuka tena, ukapokea zamu yake.

Wenzake wakapiga makofi.
Helve hakupiga. Alizitazama namba zikitulia,
akafunga chupa yake upogoupogo, kahawa ikamwagikia sketi,
akasema bila kunigeukia:
Hii ya leo ihifadhi. Usiifute.

Faili likadai jina. Nikaandika tarehe.
Akaja begani kwangu, akaifuta,
akabonyeza herufi tano kwa kidole kimoja,
Endel,
kisha akamwita mwanafunzi wa pili,
na kengele, akaniambia, iache vilevile.